Maasi Yaliyobeba Mawe

Ninyi wajukuu, na yeyote mwingine atakayezikuta karatasi hizi, someni polepole na msinisahihishe. Herufi nimejifunza ukubwani, meno yameshaanza kung'oka. Nikikosea nukta mtaniwia radhi, lakini nikisema jambo lilikuwa hivi, lilikuwa hivi. Ukoo wetu umetoka wapi sitawaeleza. Hayo mnayasikia kila arusi mpaka mnasinzia. Nitasema mwaka mmoja tu, mwaka wa vita vya Maji, ambao mimi na ndugu yangu Somoe tulikuwa wasichana wa kubeba mitungi katika kambi ya Mjerumani mmoja huko Newala. Somoe tumemzika juzi Ijumaa. Alifia hospitali pale Mkomaindo, kitanda cha dirishani, na mara ya mwisho nilipompelekea uji alinishika mkono akasema, "Awetu, mimi nikienda, ile habari ya jiwe utaicheka na nani?" Nikamwambia anyamaze anywe uji, utapoa. Aliunywa. Sasa nimekaa na habari hiyo peke yangu, na mimi sipendi kukaa na kitu kisichoweza kugawanywa.

Mjerumani yule tulimwita Bwana Mawe, hata mbele yake, naye akaitika. Alifika Masasi kabla ya vita, wakati wa kuvuna mtama, akaanza kuigonga milima yetu kwa nyundo ndogo kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu wagumu. Wazee walidhani anatafuta dhahabu. Mjomba wangu Saidi ndiye aliyekuwa mkalimani wake, maana alikuwa amebeba mizigo kwenda Lindi miaka mingi, Kiswahili cha pwani akakipata huko, na Kiyao chetu, Kimakonde na Kimakua alikuwa navyo tangu anatambaa. Kwetu hilo si ajabu. Mtu wa Masasi huamka na lugha moja, akaenda sokoni na nyingine, akagombana na mkewe kwa ya tatu. Mjomba alipoambiwa kambi inapanda Newala alisema mimi na Somoe tutafuatana naye, tutwange na tuchote. Hatukuulizwa. Kwetu sisi mjomba akishasema, baba hutafuta kofia yake akatoka nje.

Newala mnaijua kwa ubaridi wake na kwa shida ya maji. Wakati ule ilikuwa vilevile, ila hakukuwa na bomba la kulaumu. Tuliteremka ukingoni alfajiri, tukachota bondeni, tukapanda na mitungi kichwani jua likituchoma kisogo. Nyumba aliyopewa Bwana Mawe ilikuwa ya udongo, vyumba viwili. Kimoja alilala yeye. Kingine walilala mawe. Nasema walilala kwa sababu aliyatandikia mikeka, akayapanga kwa umri, wakubwa ukutani, wadogo karibu na mlango, kila moja na alama yake ya rangi, na ole wake atakayekanyaga mkeka. Somoe alikuwa akifagia pale kwa ncha za vidole kama anayefagia chumba cha maiti. Mwisho kabisa, juu ya sanduku ukutani, palikuwa na kopo la bati lenye kitambaa cheusi, na ndani ya kitambaa jiwe moja la kijivu, ukubwa wa muhogo mfupi, lina mikwaruzo iliyonyooka upande mmoja kana kwamba limekwanguliwa na uma.

Jioni tulikula mlangoni, ugali wa mtama na kisamvu, na Bwana Mawe alikuwa akiketi na chungu chake cha kunde karibu nasi kwa sababu hakuwa na Mjerumani mwenzake wa kuongea naye. Siku moja Somoe, ambaye hakuwahi kuufunga mdomo, akauliza, "Mjomba, jiwe linazeekaje? Halina hata mvi." Mjomba akafikisha swali. Bwana Mawe akaenda ndani, akarudi na kipande cha mlima wa kwetu Masasi, cheusi, kimepitiwa katikati na mshipa mweupe. Akauliza nani mkubwa hapo. Sote tukasema huo mweupe, si ndio wenye mvi? Alicheka mpaka akakohoa. Hapana, akasema, mweupe umelikata jeusi, na kinachokatwa kilikuwepo kwanza. Mjomba akatueleza kwa Kiyao, "Anasema kisu hakimkati mtu ambaye hajazaliwa." Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimesikia hotuba za watu wengi waliovaa viatu, na sijasikia jambo lililokaa sawa kuliko hilo.

Kisha akatutolea lile jiwe la kopo. Alisema amelitoa mwisho wa dunia upande wa kusini, ambako meli yao ilishikwa miezi na miezi isiweze kwenda mbele wala kurudi. Ardhi ya huko haionekani, imefunikwa. Imefunikwa na nini? "Ais," akasema. Akapuliza vidole, akajikunyata, akagonga meza: ais, ais. Ni maji, lakini magumu kama jiwe, marefu kwenda juu kuliko ukingo wa Newala, nayo hutembea polepole yakikokota mawe chini yake, na mawe yakikokotwa hukwaruzana. Ndiyo mikwaruzo ile. Na yeye aliamini nchi ile ya mwisho wa dunia na nchi yetu zilikuwa nchi moja zamani, kabla kipande cha katikati hakijazama baharini. Akipata kwetu jiwe lenye mikwaruzo kama hiyo, na akilijua limelala juu ya lipi na chini ya lipi, atajua lile la kopo lina umri gani, na nchi ile iliyofunikwa ilianza lini kufunikwa. Kwa hiyo alikuwa anamtafutia jiwe ndugu yake.

"Jiwe lina ndugu," akasema Alfani, mpagazi wa Kimakua mwenye maneno mengi, "na wewe Saidi huna hata shemeji!"

"Ninao," akajibu Mjomba, "ila nikiwatazama ninyi Wamakua naona heri jiwe."

Ndivyo walivyotaniana kutwa. Mjukuu wangu anayefundisha shule Lukuledi ananiambia yule Mjerumani hakuwa mwendawazimu. Siku hizi mawe hupimwa umri kwa mashine, na huko kwenye barafu wameokota mawe yenye alama za majani, maana palikuwa na msitu. Alitaka kunitajia miaka yenyewe nikamwambia aache, tarakimu za namna hiyo ni za kumhesabia Mungu. Lakini sikushangaa. Sisi tuliyasikia hayo na mboga mdomoni.

Sasa lishikeni neno hili, kwa maana ndilo lililotaka kutuua. Wapagazi wengi walikuwa Wamakua, na Mjomba alipowapa kazi ilibidi awaeleze kwa lugha yao wanatafuta nini. Ais haikuwa na jina. Hakuna mtu wa Newala wala Masasi aliyepata kuiona. Basi Mjomba akachukua jina la maji kwa Kimakua, na maji kwa Kimakua ni maasi. Akawaambia, tafuteni mawe yaliyobebwa na maasi ya zamani, maasi magumu. Wapagazi wakaelewa, tena wakaipenda. Wakati huo maana nyingine ya neno hilo, ile ya Kiswahili, haikumpitia mtu kichwani, kama vile wewe ukiita kuku hufikirii kwamba mahali pengine huenda ni tusi.

Ndipo vita vikaja. Kwanza vilikuja kama habari za wapita njia: huko magharibi na kaskazini kuna maji, mtu akinyunyiziwa, risasi kwake hugeuka matone. Baadaye vikaja kama moshi. Lukuledi nyumba za mapadri zilishika moto. Watu wa Masasi walikimbilia walikojua. Bwana Mawe aliletewa amri asiondoke Newala, na askari waliokuwa wakimlinda, ambao zamani walilala kutwa kivulini, wakaanza kututazama kwa jicho jingine. Mkubwa wao alikuwa shaushi mmoja, mtu wa mbali, asiyejua lugha ya kwetu hata moja isipokuwa Kiswahili cha kambini. Huyo alisimama juu ya njia ya kisimani. Kila tulipopanda alituuliza, "Umebeba nini?" Msichana wa kwanza kujibu "maji" alipigwa kofi mtungi ukaanguka. Kutoka siku ile hakuna mwanamke aliyelitamka. Tulisema "cha mtungini". Tulisema "cha kunywa". Naye bado alituamuru tunywe mbele yake, kila mtungi, akitutazama koo likipanda na kushuka. Hebu fikirini: mmepanda ukingo ule, mna kiu, na maji mnayoyanywa yanawakaba kwa sababu ya macho ya mtu.

Katika hali hiyo Bwana Mawe akampata ndugu wa jiwe lake. Lilikuwa korongoni chini ya ukingo, upande wa Ruvuma, ndani ya udongo uliogandamana na kokoto. Aliliosha kwa mate yake mwenyewe. Mikwaruzo ile ile. Alimkumbatia Mjomba mbele ya watu. Kisha akasema tusifurahi mno, huenda jiwe hilo halikuzaliwa pale, huenda mto wa kale ulilisomba kutoka magharibi. Lakini yachukuliwe mengi, yote yenye alama. Wapagazi wakayapakia, na mlima ule haupandwi na mzigo bila wimbo. Alfani ndiye aliyeanza. Aliimba, "Nani aliyabeba mawe?" nao wakaitikia kwa sauti nene, "Maasi!" "Nani atayapandisha?" "Maasi!" Mimi na Somoe tulikuwa nyuma na mitungi. Niliona shaushi kule juu akisimama wima. Nikaona askari wake wakichukua bunduki. Wapagazi hawakuona, walikuwa wameinamia miguu yao. Waliimba mpaka mbele ya shaushi: maasi, maasi, maasi.

Mnajua neno hilo kwa Kiswahili ni nini. Ni kumwasi mkubwa. Ni uasi.

Mizigo ilitupwa, watu wakakimbia. Alfani aliruka ukingoni kama mbuzi na hatukumwona tena. Mjomba hakukimbia. Alidhani kuna jambo la kutafsiriwa, masikini, akaenda mbele kuuliza ni nini. Wakamfunga kwa kamba iliyokuwa imefunga mawe. Na Bwana Mawe, ambaye kwa neno moja angeyamaliza, alikuwa amebaki korongoni, akarudi usiku na homa iliyompandia kichwani, akawa anaongea na ukuta.

Bwana Mkubwa wa kijeshi alipanda kutoka pwani na kikosi chake. Alifika mchana, amechoka, buti zimejaa vumbi jekundu, akaketi kwenye kiti cha kukunja cha Bwana Mawe nje ya nyumba. Shaushi alikuwa ameshatupia kamba kwenye tawi la mninga. Mjomba alikalishwa chini yake, mdomo umevimba. Bwana Mkubwa alitaka kunawa kwanza kabla ya shauri. Somoe alikuwa analia nyuma ya jiko, hafai, kwa hiyo aliyeitwa ni mimi. Nikapiga magoti na birika na bakuli, nikaanza kumwagia mikono. Alikijua Kiswahili vizuri, kuliko shaushi wake.

"Wewe ndiye uliyewafundisha watu neno hili?" akamwuliza Mjomba.

"Mimi, Bwana."

"Maasi?"

"Ndiyo, Bwana. Lakini si Kiswahili. Ni Kimakua."

"Vyema," akasema, akisugua vidole. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Kwa Kimakua, maasi ni nini?"

Mjomba alifungua mdomo. Nikamwona akilifikia neno, kisha akasimama hapo hapo. Akiacha maasi yabaki maasi, ni mwasi. Akisema maana yake ni maji, katika mwaka ule, mbele ya kamba ile, na watu walikuwa wakiimba kwamba maji yana nguvu za kubeba mawe, amejitia kitanzi mwenyewe. Lugha nne kichwani, na hakuna hata moja iliyokuwa na mlango wa kutokea. Macho yake yakaanguka kwenye mkono wangu. Alikuwa anayatazama maji yanavyotoka kwenye birika. Nikaogopa kwamba Bwana Mkubwa naye atatazama. Nikaacha kumwaga.

"Nini?" akauliza Bwana Mkubwa, mikono hewani, ina povu.

"Ais," nikasema.

Shaushi akanyanyua kiboko. "Funga mdomo, we mtoto wa kike!"

"Mwache. Umesema nini?"

"Bwana Mawe anasema ais. Ais. Imo kwenye kopo."

Akanitazama kama ninyi mnavyomtazama kuku aliyesoma Fatiha. Sikungoja ruhusa. Niliingia nyumbani mbio, na chumba cha mawe kilikuwa kati yangu na kopo, na mikeka imejaa ukuta kwa ukuta. Sikuzunguka. Niliyakanyaga. Nilipiga teke wakubwa wakaangukia wadogo, babu akawa chini ya mjukuu, dunia yote ya Bwana Mawe ikavurugika chini ya miguu yangu. Watu wamewahi kuniuliza kama najuta. Wanipe mikeka ile leo na mjomba wangu chini ya kamba, nitaikanyaga tena na kwa nguvu zaidi.

Bwana Mkubwa alilipokea jiwe kwa mikono ya povu. Akapitisha kidole gumba kwenye mikwaruzo. Halafu akaingia nalo chumbani kwa mgonjwa, na sisi nje tukasikia sauti mbili, moja ikiuliza kavu, nyingine ikiweweseka, na katika maneno yao tusiyoyajua lile moja tulilolijua likirudi na kurudi: ais, ais, ais. Mjomba alikuwa amefumba macho. Shaushi alikuwa anaivuta kamba kidogo, anaiachia, anaivuta. Nilimwambia Somoe kwa Kiyao aache kulia, atadhaniwa anaomba kitu.

Alipotoka, Bwana Mkubwa alikuwa na uso wa mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa mbingu. Akalitazama bonde, na lile jua, na wanawake waliokuwa wakipanda na mitungi yao. Akasema neno ambalo mimi nililisikia mara ya kwanza siku ile.

"Barafu. Kwa nini hukusema barafu?"

"Bwana," akajibu Mjomba, "sijaiona."

Kamba ilishushwa. Msifurahi upesi. Aliamuru apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kuwafundisha watu neno baya wakati mbaya, na shaushi, ambaye alikuwa amenyimwa kikubwa, alikichukua hicho kidogo kwa mkono wote. Tulimkanda Mjomba mgongo kwa maji ya moto na chumvi, na hakulia; alikuwa akirudia polepole, barafu, barafu, kama anayetaka kulijua limekaa wapi siku zote hizo.

Bwana Mawe alipopona alikuta mikeka yake. Alikaa chini katikati, akayapanga upya siku nyingi, na mengine hakuweza, alama zilikuwa zimefutika kwa nyayo. Hakunigombeza. Alipokuwa anaondoka kurudi pwani, njia zilipofunguka, alimwambia Mjomba kwamba mawe yale mawili huenda ni ndugu, au huenda ni majirani tu waliofanana shida. Mjomba hakututafsiria; tulikuwa tumeshakielewa Kiswahili chake. Na mwaka ule ukaisha kwa njaa, tulichimba ming'oko porini mpaka mikono ikawa mizizi, na katika njaa ile Mjomba aliacha lugha zote akabaki na Kiyao. Mmakua akimsalimu, alinyoosha kidole kwangu. Mswahili akimwuliza njia, alinyoosha kidole kwangu. Mtu aliyekuwa na nyumba ya vyumba vinne alijifungia kwenye kimoja mpaka tulipomzika, na hakuna mashine itakayopima hasara hiyo.

Mimi niliolewa, nikawa Mama Hassani, nikawa na nyumba yangu hapa Masasi. Hassani alipooa alituletea binti wa Kimakonde kutoka Newala, mpole, mwenye kutwanga kweli. Siku yake ya kwanza jikoni alikaukiwa koo akaomba kwa lugha ya kwao, "Medi." Wadogo zake Hassani wakaangua kicheko. Mmoja akatoka mpaka barazani kwa jirani, akiliigiza neno kwa kubana pua, akisema bibi arusi anaomba sijui madeni, sijui dawa ya mume. Jirani akacheka naye, nikasikia neno likiingia nyumba ya pili. Binti wa watu ameinamisha kichwa, mchi mkononi. Nikamrudisha yule kijana kwa sikio, nikawakalisha wote chini, mume wangu akiwa hapo hapo na tasbihi yake, nikasema:

"Katika nyumba hii kila mtu ataomba maji kwa lugha ya mama yake. Asiyeelewa atamwuliza aliyesema, siyo jirani. Na mpaka ajibiwe, asiwepo wa kuvuka kizingiti kile na neno la mwenzake mdomoni. Hassani, inuka, mpe mkeo maji."